Yule Mama Huitisha Pesa

Mliponipigia simu mkaniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi ya kupima uadilifu, mlisema mnataka maneno ya kuwatia moyo. Nilikuwa dukani kwangu hapa Dagoretti Corner, nashona vifungo kwenye sweta za shule, na nilicheka mpaka fundi wangu akaniuliza kama niko sawa. Maneno ya kutia moyo sina mengi. Nilicho nacho ni habari ya mwanamke mmoja anayeitwa Jerusha, karani wa serikali, na kila nikijaribu kuwaandikia jambo lingine, yeye ndiye anayekuja. Basi nimeamua kumwacha aje. Mtanivumilia, kwa sababu hata nilipokuwa kazini sikujua kusimulia jambo moja kwa moja, na uzee haujanisaidia.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mama Nafula. Niliifanya kazi hii tangu enzi za kubeba karatasi na penseli mpaka hizi za vishikwambi. Ni kazi rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Unaenda ofisi ya umma, unakaa, unatazama, unawauliza wananchi wamehudumiwa vipi, kisha unaipa ofisi ile alama. Sisi si polisi, hatukamati mtu. Lakini kuna watu waliopandishwa vyeo kwa sababu ya alama zetu, na kuna waliotumwa nyumbani. Ninyi mnaozijumlisha mkiwa kule Kilimani, kwenye ofisi zenye vioo na kahawa pembeni, naomba mlikumbuke hilo kabla ya lingine lolote.

Aliyenifundisha ni marehemu Bwana Gitonga. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuingia kazi hii, na ualimu haukumtoka hata kidogo. Alikuwa akinisahihisha Kiswahili barabarani mbele ya watu. Mara ya kwanza aliponituma nijifanye mteja, nilienda ofisi moja katikati ya jiji nikiwa mama mboga. Nikajifunga leso, nikabeba kiondo, nikajipaka hata udongo kidogo kwenye kucha, nikajiona nimeiva. Askari wa mlangoni alinitazama kutoka juu mpaka chini, macho yake yakasimama miguuni.

"Sasa, mathe?"

"Poa, kijana wangu. Naenda kuuliza mambo ya kibali."

"Sawa. Lakini hizo viatu ni za mama mboga wa wapi? Niambie, mimi pia nikauze mboga huko."

Nilikuwa nimesahau kuvua viatu vyangu vya ofisini, vile vya kisigino, vyeusi, nilivyovipiga rangi mwenyewe asubuhi. Kabla sijafika ghorofa ya kwanza, kila karani alikuwa ameshajua kwamba wapimaji wamekuja. Siku hiyo watu walihudumiwa kwa upole ambao jengo lile halikuwa limewahi kuuona. Bwana Gitonga alicheka mpaka akatoa leso kujifuta machozi, kisha akaniambia nisiache kamwe kuangalia viatu, vyangu na vya watu. Ukiona foleni ndefu ya viatu vyenye vumbi, halafu viatu vinavyong'aa vinapitia mlango wa pembeni bila kusimama, umeshajua mengi kabla ya kufungua mdomo.

Viatu vya namna hiyo nilivifuata siku moja mpaka Lavington, mtaa wa wenye mali. Mama mwenye nyumba alikubali kujibu maswali yangu kwa sababu alidhani natoka kanisani kwao, na mimi sikuwa na haraka ya kumsahihisha mpaka chai ilipokuja. Nilipomweleza kazi yangu, alishangaa sana.

"Mimi sijawahi kuombwa kitu katika ofisi yoyote ya serikali," aliniambia, mkono kifuani. "Watu huongea tu. Dereva wangu anaenda asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana amerudi na karatasi zote zimepigwa muhuri."

Alikuwa mkweli kabisa. Nilipotoka, dereva huyo alikuwa anafuta gari. Nikamuuliza anawezaje kumaliza haraka hivyo mambo yanayowachukua wenzake wiki. Alicheka, akaendelea kufuta kioo kilichokuwa safi tayari. Niliandika kwamba yule mama hajawahi kuombwa chochote, kwa kuwa ndivyo alivyosema, lakini sikufurahia kuiandika sentensi ile.

Kwa sababu ya watu kama yule mama, Bwana Gitonga hakupenda maswali ya ndiyo na hapana. Alitaka tumwambie mtu hivi: "Nieleze siku yako, tangu ulipofika mlangoni." Basi. Mtu akianza kusimulia atakuambia alisimama wapi, nani alimwita pembeni, na alitoa kitu gani mfukoni, hata kama mwenyewe hafikirii kwamba ametoa kitu. Ila ilikuwa kazi ya kuchosha. Mmoja angekula asubuhi yako yote. Mwingine angeanza na mlango wa ofisi akaishia kwenye shamba la marehemu baba yake na kaka aliyeuza miti. Tulirudi na watu wachache, na wakubwa walitaka wengi. Bwana Gitonga alistaafu, kisha akatuacha, na vishikwambi vikaja.

Sivilaumu vishikwambi, msije mkasema bibi huyu anaogopa mashine. Kijana aliyevileta, Brian, alikuwa mchapakazi na mwenye adabu, na ndiye wa kwanza kunitengenezea herufi kubwa nisome bila kukodoa macho. Maswali yakawa mafupi. Mtu anajibu ndiyo au hapana, anakuonyesha dirisha alilohudumiwa, unabonyeza, na jioni ofisi nzima iko mbele yako kwa rangi ya kijani na nyekundu.

Tulikwama kwenye neno moja tu. Swali la kwanza liliuliza kama kuna mhudumu aliyemwomba mtu hongo, na foleni nzima ikasema hapana. Hongo ni neno la redioni na la mahubiri. Hakuna mtu wa Nairobi anayetoa hongo. Anatoa ya lunch, anaacha kitu kidogo, anaona mtu, anashukuru. Basi tukakaa kikao pale Kilimani kutafuta neno ambalo mtu wa foleni angelielewa bila kufikiri, na tukalipata: "Je, kuna mhudumu aliyekuitisha pesa?" Tulifurahi sana siku ile. Hakuna mtu hapa mjini asiyejua kuitishwa pesa, yaani kudaiwa utoe, ni nini, na mimi mwenyewe nilisema hapo sasa tumefika.

Ofisi ya Jerusha sitaitaja. Ilikuwa katikati ya jiji, na kazi yake ilikuwa kutoa vibali kwa biashara ndogo ndogo, mabucha, saluni, vibanda vya chakula. Ilikuwa na madirisha manne. Tulisimama nje ya lango na vishikwambi vyetu tukiwauliza watu wanaotoka, na matokeo hayakuhitaji mtaalamu wa kuyasoma. Dirisha la kwanza, la pili na la nne yalikuwa kijani kitupu, hakuna mtu aliyeitishwa hata ndururu. La tatu lilikuwa jekundu kama nyanya. Watu hawakungoja nimalize swali.

"Huyo mama wa tatu! Huyo huitisha pesa."

"Tena anakuitisha mbele ya watu. Hajali."

Nikabonyeza, nikabonyeza. Moyoni nilijisemea kwamba hatimaye tumempata mmoja.

Mkuu wa ofisi ile alikuwa bwana mwenye sauti ya upole, ungedhani kila saa anaombea chakula. Aliyapokea matokeo kwa furaha. Ofisi yake kwa jumla ilikuwa imepata alama za juu, keki ikakatwa, cheti kikatundikwa, na ukutani juu ya madirisha akaagiza yaandikwe maneno makubwa ya buluu: HAPA HATUITISHI PESA. Kuhusu dirisha la tatu alisema atachukua hatua mara moja, na alizichukua. Jerusha alitolewa dirishani akapelekwa stoo ya viti vilivyovunjika, akae huko akingoja kamati ya nidhamu. Kamati ikikubali, alikuwa anaenda nyumbani bila kazi, bila kiinua mgongo, akiwa na jina la mwizi.

Alinipata kwenye ngazi za jengo lile nikishuka. Alikuwa mfupi, wa makamo, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake.

"Ni wewe ulikuwa unauliza watu pale nje?"

"Ni mimi, mama."

"Niambie nani amesema nimekula pesa yake. Mmoja tu. Sitagombana na yeye. Nataka kumuuliza ilikuwa siku gani."

"Hatutaji majina. Hata kuandika hatuyaandiki."

"Kwa hivyo hakuna mtu."

"Walikuwa wengi, Jerusha."

Hakulia. Alivua miwani, akaipangusa na pindo la sweta yake, akaivaa tena.

"Kanisani wameshasikia," akasema. "Mimi ndio nilikuwa mweka hazina wa akina mama huko kwetu Kawangware. Jumapili walinitumia mtu nimpee kila kitu. Nimempea. Nikaweka chai. Hakukaa, mama. Alisema ana haraka, na nyumba yake ni hapo tu ng'ambo."

Katika kazi hii mtakutana na wenye hatia wengi, na wengi wao watakasirika au watakupigia mtu mkubwa simu. Huyu alikuwa anataka tarehe. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo.

Sasa, Bwana Gitonga alikuwa ameniachia tabia moja ambayo vishikwambi havikuiua. Baada ya kila tathmini nilikuwa nawarudia watu wachache walioniambia kwa hiari yao wanapopatikana, naenda bila mashine, naongea nao tu. Mmoja wao alikuwa Baba Shiro, mwenye bucha hapa hapa Dagoretti Corner, si mbali na lilipo duka langu sasa. Nilimkuta anakata mbavu. Nikamwambia anieleze ile siku yake ya kibali, tangu alipofika mlangoni.

"Wacha tu, mathe," akasema, shoka mkononi. "Kibali yangu ilikuwa imeisha kitambo. Si unajua biashara, mtu anajisahau. Sasa wale wengine wa pale ukiwaambia umechelewa, wanakuelewa. Wanarekebisha tarehe, mnamalizana, hakuna maneno. Lakini siku hiyo laini zao zilikuwa ndefu, nikaangukia huyo wa tatu. Akaniitisha pesa hapo hapo, watu wakiskia! 'Umechelewa, kuna faini, lipa.'"

"Ukalipa?"

"Ningefanya nini? Nikalipa. Na unajua kitu ilinikasirisha zaidi?" Akaacha kukata, akanikazia macho. "Alinipa risiti! Huyo mama hana aibu hata kidogo. Anakuitisha pesa, halafu anakupatia risiti!"

"Risiti ya nini?"

"Ya hiyo pesa. Si hiyo hapo."

Ilikuwa imechomekwa kwenye msumari juu ya mizani, imeloa mafuta pembeni. Risiti halali ya serikali, yenye muhuri, ya faini ya kuchelewa. Nilijua faini ile ipo kisheria. Kila mtu aliyepima ofisi ile alijua.

"Na wale wa madirisha mengine," nikamuuliza, "wamewahi kukuitisha?"

"Wale? Hapana. Wale ni watu wazuri, hawaitishi. Wewe mwenyewe ndio unaona tu uwashukuru."

Nilikaa kwenye benchi lake la wateja. Alidhani ni joto, akaniletea maji. Nilikuwa namfikiria yule mama wa Lavington na mkono wake kifuani. Baba Shiro naye hakuwa amesema uongo, na wenzake wote pale langoni hawakuwa wamesema uongo. Tuliwauliza nani huitisha pesa, wakatuonyesha karani pekee aliyekuwa akidai pesa za serikali na kuzitolea risiti. Wengine watatu walikuwa wakisamehe faini isiyokuwa yao, wakishukuriwa kwa pesa kidogo kuliko faini yenyewe, na kila mteja alitoka hapo akiwabariki. Niliona uchungu sana. Mpaka leo nikipita mbele ya bucha ile naangalia upande mwingine, ingawa Baba Shiro hunipigia makelele ya salamu.

Nilirudi Kilimani nikamweleza Brian. Alinielewa kabla sijamaliza. Aliweka kichwa juu ya meza, akasema, "Tumemchoma huyu mama." Tukaanza kupiga mbio sote wawili. Wakubwa wetu walituambia ripoti imeshazinduliwa. Mkuu wa ile ofisi alituambia kwa upole wake kwamba tunamwaibisha mbele ya wananchi ambao wameshasema wenyewe. Niliingia ofisi hii, nikatoka, nikaingia ile. Nilipaza sauti mahali ambapo mtu wa umri wangu hapaswi kupaza sauti. Mwishowe kamati ya nidhamu ilikubali kuziangalia risiti za dirisha la tatu, ikaona kila kitu kiko sawa, na Jerusha akarudishwa kazini. Masahihisho kwenye ripoti yalichapishwa kwa herufi ndogo kurasa za nyuma, mahali ambapo hata mimi niliyeyadai nilipata shida kuyaona. Kanisani hawakumrudishia kazi yake ya uhazina. Walikuwa wameshachagua mwingine, na hakuna aliyetaka kuleta mjadala.

Mkisema hapo mbona nimeshinda, nami nilidhani hivyo. Nilienda kumwona dirishani siku aliporudi, chini ya yale maandishi ya buluu.

"Umerudishwa," nikamwambia. "Nimefurahi sana."

"Asante, Mama Nafula. Sasa niambie kitu moja. Mkikuja mwaka ujao, mtauliza watu swali gani?"

"Tutalibadilisha. Nimeshasema ofisini."

"Na mkikosa kubadilisha?"

"Wewe itisha faini, toa risiti. Sisi tutajua."

"Mtajua," akasema, akaita mteja.

Tulilibadilisha, mimi na Brian. Tulikaa siku nyingi tukiandika swali jipya lililoanza na risiti: Ulilipa? Ulipewa risiti? Kuna kitu ulichoacha bila risiti? Lilikuwa swali zuri, na Bwana Gitonga angelinung'unikia lakini angelikubali. Wakubwa walilisoma wakalisifu, kisha wakasema haliwezekani. Tukibadilisha swali, walisema, alama za mwaka huu haziwezi kulinganishwa na za mwaka jana, na wanaolipia kazi hii wanataka kuona kama nchi inapanda au inashuka. Hapo jueni ninawaambia jambo la kazi, si uchungu wangu tu. Atakuja mtu siku moja awaambie msiguse swali bovu kwa sababu limeshazoeleka kwenye michoro. Gombaneni naye. Mimi niligombana nikashindwa, na nilishindwa kwa adabu mno.

Basi mwaka uliofuata tukasimama tena langoni na neno lile lile, na dirisha la tatu likawa jekundu tena. Niliandika maelezo marefu. Hakufutwa kazi safari hii, lakini ofisi nzima iliteremshwa alama kwa sababu yake, na safari waliyokuwa wameahidiwa wafanyakazi kwenda kujifunza kwingine ikafutwa. Nilisikia kutoka kwa mfagizi wa pale kwamba wenzake wameacha kula naye mchana. Anakula peke yake dirishani, pazia likiwa limeshushwa. Nilikusudia kwenda kumwona. Goti langu likaanza kunisumbua, barua ya kustaafu ikaja, na mambo ya sherehe na duka yakanimeza.

Miaka ikapita. Jioni moja nikiwa sebuleni nikasikia kwenye televisheni habari za tathmini mpya, na ofisi ile ikatajwa kati ya zilizofanya vyema. Madirisha yote manne safi. Yote manne! Nilipiga makofi peke yangu. Nilimpigia Brian simu, ambaye siku hizi ana shughuli zake nyingine, nikamwambia, "Umesikia? Hatimaye wamemwelewa Jerusha." Naye alifurahi, tukazungumza mpaka salio likaisha. Usiku ule nilimwombea Bwana Gitonga na nilimwombea Jerusha, nikalala vizuri.

Mwaka huu kibali cha duka langu kiliisha nikiwa naenda hospitali kwa ajili ya goti, nikachelewa kukifanya upya. Nilipopata nafuu niliweka pesa za faini kwenye mkoba nikaenda mjini. Sikuwa na kinyongo. Kusema kweli nilikuwa na hamu ya kutozwa faini na Jerusha. Nilijiona nikiipokea risiti yake, tukicheka.

Kwenye benchi la kungojea kijana mmoja alinisogezea nafasi.

"Mathe, ngojea dirisha la tatu. Huyo mama ana roho safi."

Nilimwambia namfahamu, na kifua kikanijaa. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa bwana mwenye koti. Aliinama dirishani, wakaongea kidogo kwa sauti ya chini, na alipoondoka aliacha gazeti lililokunjwa juu ya kaunta. Jerusha alilivuta ndani bila kulitazama. Miaka yangu yote nililipwa kuona vitu kama kile, na nilikiona. Nikajiambia ni gazeti tu.

"Mama Nafula!" Alisimama kunisalimia kupitia kitundu cha kioo. "Umekonda."

"Ni goti. Na wewe una miwani mpya."

Akachukua kibali changu cha zamani, akatazama kompyuta yake. "Hii imeisha kitambo."

"Najua. Kuna faini. Nimekuja nayo."

Vidole vyake vilisimama. Alitazama foleni nyuma yangu, kisha akanitazama mimi.

"Tuwachane na hiyo mambo ya faini. Nitarudisha tarehe nyuma kidogo. Ni kitu ya dakika moja."

"Jerusha. Niitishe faini."

"Mama, tafadhali."

"Niitishe, unipe risiti. Wewe ndiye uliyekuwa..."

Alikisogelea kile kitundu, na ile sauti yake kubwa ikawa ndogo kabisa.

"Hiyo neno ndiyo mliniandikia. Nimekaa stoo na viti. Kwa kikundi cha kanisa sijawahi kurudi. Wenzangu wamenikalia mwaka mzima bila salamu, Mama Nafula, mwaka mzima, kwa sababu niliitisha. Si niliwauliza mtauliza swali gani? Sasa watu wananipenda. Wananisalimia mpaka kwa barabara."

Nilitaka kumwambia tulijaribu. Nilitaka kumweleza habari ya michoro na ya kulinganisha alama. Mashine ilikuwa imeshatoa kibali changu kipya, na tarehe iliyoandikwa haikuwa na kosa lolote. Alikipitisha chini ya kioo, na akarudisha sauti yake ya kawaida, ile ya kusikika na watu wote.

"Mimi siitishi pesa," akasema. "Anayefuata."

Nilimwambia asante, kwa sababu mtu hupewa kitu akasema asante, na mara neno lilipotoka nilimwona akiangalia mkoba wangu. Mara moja tu, kisha akamtazama kijana wa benchi aliyekuwa nyuma yangu. Nilitoka na pesa za faini zote, na mpaka leo sijapata dirisha la kuzipokea.

Pale langoni alikuwa amesimama binti mwenye kishikwambi. Huenda ni mmoja wenu. Alikuwa na adabu, na viatu vyake vilikuwa vya kawaida, vimefaa kazi.

"Mama, habari yako? Naweza kukuuliza swali moja tu? Je, kuna mhudumu aliyekuitisha pesa?"

"Tukae hapa, binti yangu," nikamwambia. "Nikueleze siku yangu tangu nilipofika mlangoni."

Alitabasamu, akanionyesha kioo cha kishikwambi. "Pole, mama. Hapa ni ndiyo ama hapana."

Nikamwambia ukweli. Nikasema hapana. Akabonyeza, akanishukuru, akamwendea mtu mwingine.